Mbacha, Msala na Ufa

Neno "apdeti", kama linavyotumika madukani na maofisini, limebeba mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kiraka: faili dogo ambalo mtengenezaji wa mfumo endeshi hulituma kuziba tundu lililogunduliwa ndani ya programu, bila kugusa sura ya kompyuta wala mazoea ya mtumiaji. Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, na desturi hiyo imedumu tangu 2003. La pili ni toleo jipya: Windows 10 inaondoka na Windows 11 inaingia, au simu inahama kutoka Android moja hadi inayofuata. Hapo mengi hubadilika kwa mpigo. Vitufe huhama, printa iliyokuwa ikitii hugoma, programu ya zamani hukataa kufunguka. macOS Catalina, iliyotoka Oktoba 2019, ilizikata programu zote za biti 32. Kuna watu waliolala na programu ya muziki au ya hesabu ikifanya kazi vizuri, wakaamka haifunguki tena.

Kiraka hakina mjadala mrefu. Swali liko kwenye toleo jipya, na likivuliwa waya na skrini linabaki swali la kale kuliko umeme: mtu asiyeweza kujua yatakayotokea, atende au akae? Mafakihi, wanateolojia na wanafalsafa wamelifanyia kazi kwa karne nyingi. Baadhi ya majibu yao yanaikaa kompyuta kana kwamba yalishonewa. Mengine yanapwaya, na pale yanapopwaya ndipo penye faida zaidi kutazama.

Kiswahili chenyewe kina hukumu mbili. Usiache mbachao kwa msala upitao, inasema ya kwanza. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka wa kuswalia, mzuri, lakini huu ni wa mpita njia. Anayeutupa wake kwa kuuonea tamaa huo anaweza kujikuta amekaa chini mchangani. Hukumu ya pili inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kawaida kusikia kwamba methali hupingana na kwamba kila mtu huokota inayomfaa. Hizi mbili hazipingani, maana kila moja inazungumzia kitu chake. Mbacha ukiachwa ulivyo, wa kesho ni ule ule wa leo, labda umepungua ukili mmoja. Ufa ukiachwa hausimami. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama toleo jipya ni zuri, kuna swali linalotangulia: mfumo wa zamani uliopo mezani ni mbacha, au ni ukuta wenye ufa? Wengi huruka swali hili na kwenda moja kwa moja kwenye uzuri wa kipya, wakati kipya, kama wahenga walivyojua, ni kinyemi hata kikiwa kidonda.

Mafakihi wa Kiislamu waliliwekea jambo hili kaida. Mojawapo ya kaida kuu tano za fiqhi inasema kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mfano wake anaujua kila aliyepita madrasa ya pwani: mtu ametia udhu kwa yakini, baadaye akashuku kama umetenguka. Udhu wake upo, na shaka haifuti kilichothibiti. Kutokana na kaida hiyo huzaliwa istishabu, yaani kila kitu hukadiriwa kubaki kama kilivyokuwa hadi ipatikane dalili kwamba kimebadilika. As-Suyuti, aliyefariki 1505, alizikusanya kaida hizi na matawi yake katika al-Ashbah wan-Nadhair, na dola ya Uthmaniya ikaziweka mwanzoni mwa Majalla, sheria zake za madai zilizokamilika 1876.

Istishabu ndiyo hoja ya kimyakimya ya karibu kila anayebonyeza "Baadaye". Kompyuta yake inawaka asubuhi, inafungua faili, inachapa. Hiyo ni yakini. Toleo jipya ni shaka tupu, na aliyetulia hahitaji kuhama kwa ajili ya shaka. Hoja hii ni nzuri, na si haki kuiita uvivu. Udhaifu wake umo katika sharti lake lenyewe: hadi ipatikane dalili. Katika programu za kompyuta dalili hutangazwa hadharani, kwa tarehe na kwa namba.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka chenye namba MS17-010. Tarehe 14 Aprili kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga mtandaoni zana za kudukua zilizotoka katika shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Moja ya zana hizo, EternalBlue, ilipita katika tundu lile lile ambalo kiraka kililiziba. Tarehe 12 Mei ikaja WannaCry, programu iliyoibeba EternalBlue na kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubonyeza chochote, ikifunga faili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Iliingia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Sehemu kubwa ya kompyuta zilizopatwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka kilikuwepo, tena bure.

Kati ya 14 Machi na 12 Mei kuna siku 59. Katika siku hizo kompyuta ambazo hazikuzibwa hazikubadilika hata nukta moja. Wenye nazo wangeweza kuapa kwamba ziko kama zilivyokuwa, na kiapo kingekuwa cha kweli. Kilichobadilika ni ulimwengu uliozizunguka: tundu ambalo jana lilijulikana na wachache, leo lilijulikana na kila mwizi. Kiraka chenyewe ni ramani pia, kwa sababu mdukuzi hulinganisha faili la kabla na la baada, akaona ni wapi palipotiwa gundi. Ndiyo maana istishabu haiwezi kusimama peke yake hapa. Udhu wa mtu hautenguki kwa sababu jirani amejua jambo. Usalama wa kompyuta hutenguka hivyo hasa.

Hali hiyo ya kuapa kwa dhati bila kukagua ilimshughulisha, kwa namna yake, mwanahisabati wa Kiingereza William Kingdon Clifford, ambaye mwaka 1877 aliandika makala juu ya maadili ya kuamini na kuianza na mwenye meli. Meli ni kuukuu, imetengenezwa mara nyingi, na watu wamemnong'oneza kwamba huenda haifai tena kwa safari. Mwenyewe anasumbuka, maana kuikagua ni gharama. Kidogo kidogo anajituliza: imekwenda na kurudi salama mara ngapi? Na Mungu ataziachaje familia zote zinazosafiri nayo zizame? Anaiaga bandarini kwa moyo mweupe, na inapozama katikati ya bahari anachukua fidia ya bima, basi. Clifford anamhukumu kwa vifo vya abiria hao, hata kama aliamini kwa dhati, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza lililo gumu kumeza: lau meli ingefika salama, hatia ingebaki ile ile, ila tu isingegunduliwa. Clifford aliijua bahari. Mwaka 1870 alikuwa ndani ya meli iliyovunjika karibu na Sicily, akiwa safarini kwenda kutazama kupatwa kwa jua.

Manahodha wa vyombo vya mbao, Lamu hadi Kilwa, hawakumhitaji Clifford. Chombo hupandishwa mchangani maji ya bamvua yanapojaa, kikalazwa ubavu. Maungio ya mbao hutiwa kalafati, chini hupakwa deheni, na juu ya usawa wa maji hupakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake humfuata fundi hadi nyumbani. Siku hizo zote chombo hakibebi mzigo wala hakiingizi hata senti. Kompyuta inayoonyesha asilimia zikipanda taratibu na onyo la kutoizima iko mchangani vivyo hivyo. Mwenye nayo akilalamika kwamba inampotezea siku, analalamika kweli. Lakini hiyo siku imo katika bei ya chombo tangu siku kilipoundwa.

Faraja ya yule mwenye meli, kwamba Mungu hataacha, ina jibu lake katika hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Tirmidhi, ya mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Aliambiwa amfunge na atawakali. Tawakali ya kweli hukaa juu ya kamba. Iliyokaa mahali pa kamba ni jambo jingine, ingawa kwa nje zinafanana kabisa, na hakuna ajuaye tofauti yake isipokuwa mwenye ngamia.

Kuna upande ambao wote wawili, Clifford na mafakihi, wanauona na ambao mtumiaji wa kawaida hauoni: abiria. Mwenye meli hakuzama yeye. Kaida nyingine ya fiqhi inasema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kompyuta ya ofisi ya kijiji iliyoshikwa na kirusi haimdhuru karani peke yake. Hupitisha uchafu kwa kila flashi inayochomekwa, kwa kila kompyuta iliyo katika mtandao mmoja nayo, kwa kila mtu ambaye nakala ya kitambulisho chake iliwahi kupigwa skani hapo ikabaki kwenye folda ya "Downloads". Hoja ya "ni yangu, nitakaa nayo nitakavyo" ina nguvu kwa redio. Kwa kitu kilichounganishwa na wengine nguvu hiyo hupungua sana.

William James alimjibu Clifford mwaka 1896, katika mhadhara juu ya utashi wa kuamini. Alitofautisha chaguo linaloepukika na chaguo la lazima. La lazima ni lile ambalo kutochagua kwenyewe ni kushika upande mmoja: asiyeamua kupanda chombo hadi kikang'oa nanga ameshaamua kubaki. James aliitumia tofauti hiyo kuitetea imani ya dini pale ushahidi unapokuwa hautoshi kuamua. Pasipo kukusudia, aliieleza pia tabia ya kitufe cha "Nikumbushe baadaye", kinachojionyesha kama upande wa tatu, wa hekima na subira. Wakati mwingine ni kweli ni subira. Lakini Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kila "Baadaye" iliyobonyezwa bila kinga nyingine ilikuwa "Hapana" inayosemwa upya kila siku na mtu anayeamini kwamba bado hajasema lolote.

Hadi hapa kesi inaonekana imekwisha na mbacha umeshindwa. Haijaisha. Wiki zisizozidi saba baada ya WannaCry, tarehe 27 Juni 2017, ilizuka NotPetya. Ilianzia Ukraine, na mlango wake mkuu ulikuwa M.E.Doc, programu ya uhasibu na kodi iliyotumiwa na makampuni mengi ya huko. Wadukuzi walikuwa wameingia kwa mtengenezaji na kuupachika uharibifu wao katika njia ya apdeti. Mwezi Mei walioadhibiwa ni wale ambao hawakusasisha. Mwezi Juni walioanza kuungua ni wale waliosasisha kwa utiifu. Kisha NotPetya ikaenea ndani ya mitandao, kwa EternalBlue na kwa nywila ilizoziiba, hadi kwa makampuni yasiyokuwa na ugomvi na mtu.

Moja lilikuwa Maersk, kampuni ya Denmark ambayo makontena yake huonekana Mombasa na Dar es Salaam kila siku. Karibu mtandao wake wote duniani ulifutika, pamoja na seva zilizohifadhi orodha ya nani ni nani na ana ruhusa gani ndani ya kampuni. Seva hizo zilikuwa nyingi na zilisambazwa nchi mbalimbali, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake, na zote zilifutika pamoja. Isipokuwa moja. Ofisi ya Ghana ilikuwa imekatika mtandaoni kabla ya shambulio kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na kukatika huko kukaiokoa seva yake. Data yake ilisafirishwa hadi Uingereza kwa mikono ya watu, na kampuni ikajengwa upya kutoka hapo. Hakuna mhandisi aliyepanga hivyo, na hakuna kitabu cha usalama kinachoshauri kutegemea mgao wa umeme. Kisa hiki hakithibitishi kwamba kubaki nyuma ni busara. Kinachoonyesha ni kwamba uamuzi uliofanywa vizuri na matokeo mazuri ni vitu viwili, kama Clifford alivyosema, na kwamba hata upande wa kusasisha una meli zake mbovu.

Mfano wa Oktoba 2018 uko karibu zaidi na swali la toleo jipya. Tarehe 2 ya mwezi huo Microsoft ilitoa toleo kubwa la Windows 10 lenye namba 1809. Siku chache baadaye ilibidi ilisimamishe, kwa kuwa baadhi ya watu walikuta mafaili yao ya binafsi yamefutwa. Waliokumbwa walikuwa wachache mno, kwa hesabu ya kampuni yenyewe sehemu moja ya mia ya asilimia moja ya waliosakinisha. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba likiwa limerekebishwa. Waliolipata siku zile za mwanzo ni wale walioingia kwenye mipangilio na kubofya wenyewe kulitafuta. Wengine walikuwa bado wanasubiri zamu. Haraka haraka haina baraka ni methali iliyochoshwa kwa kutumiwa, lakini wiki hiyo ilistahili posho yake.

Sasa pande zote mbili zina hatari, na shauri la kawaida ni kwamba mtu afuate upande ulio salama zaidi. Shauri hili lina historia ya kushangaza katika teolojia ya maadili ya Kikatoliki. Mwaka 1577 Mdominika wa Salamanca, Bartolomé de Medina, alifundisha kwamba rai yenye hoja za kutosha inaweza kufuatwa hata pale rai ya kinyume inapokuwa na hoja nzito kuliko hiyo. Kwenye ncha ya pili walisimama wakali, waliosema palipo na shaka ni lazima kushika upande wa usalama daima. Blaise Pascal aliwadhihaki wafuasi wa rai ya kwanza katika barua alizozitoa 1656 na 1657. Papa Alexander VIII naye, mwaka 1690, aliilaani rai ya wakali katika sura yake ya kupindukia, iliyomnyima mtu hata rai yenye hoja nzito kuliko zote. Katikati akaja Alfonso wa Liguori, aliyefariki 1787, ambaye pale hoja zinapokaribia kulingana alitazama nani mwenye milki: mashaka yakiwa ni juu ya kuwepo kwa sheria, uhuru ndio ulio mahali pake, yakiwa ni juu ya kwisha kwa sheria iliyokuwepo, sheria inabaki. Mtu wa fiqhi angeitambua istishabu hapo mara moja, imevaa kanzu ya padri.

Ukakamavu wa wale wakali unashindwa kwenye kompyuta kwa sababu nyepesi. Unadhani upande wa usalama unajulikana na haubanduki. Kwa mfumo endeshi upande huo una kalenda. Siku toleo jipya linapotoka, usalama uko kwa la zamani, ambalo makosa yake yameshajulikana na ambalo bado linapata viraka. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Siku huduma ya la zamani inapokatwa, usalama umeshahamia kwa jipya. Kati ya siku hizo mbili kuna kipindi kirefu ambacho pande zote zina hoja, na ndani yake Medina anafaa kuliko Pascal: atakayehama asilaumiwe, na atakayebaki asilaumiwe, mradi anapokea viraka. Windows 11 ilitoka 5 Oktoba 2021, na Windows 10 ikahudumiwa hadi Oktoba 2025. Hiyo ilikuwa miaka minne ya hiari halali, na kelele nyingi zilizopigwa ndani yake, za kuwacheka waliobaki na za kuwacheka waliohama, hazikuwa na msingi.

Linabaki suala la nani anajua. Maelezo yanayoandamana na toleo jipya huandikwa kwa mafungu ya maneno kama "maboresho ya usalama na utendaji", na msimbo wenyewe umefungwa. Mtumiaji hawezi kukagua mbao. Huu ni mlango wa taqlidi, yaani kufuata kauli ya mjuzi bila kuishika dalili yake. Al-Ghazali, katika al-Mustasfa aliyoikamilisha miaka michache kabla ya kufariki 1111, alimlinganisha mtu wa kawaida anayetafuta fatwa na mzazi mwenye mtoto mgonjwa. Akimpa dawa kwa rai yake mwenyewe, amevuka mpaka. Mjini kukiwa na matabibu wawili wanaohitilafiana, naye akamwacha aliye bora, amezembea. Ujinga wa tiba haumwondolei kila wajibu. Bado ana kazi ya kujua ni nani wa kumwuliza.

Katika duka la steshenari lililo jirani na shule, kazi hiyo huonekana kwa macho. Ni msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, na vijana wamepanga foleni na bahasha za kaki mkononi. Mezani kwa mama mwenye duka kuna kompyuta moja iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika Ulaya, printa nyeusi ambayo draiva yake ilikuja kwenye CD, na modemu inayokula bando. Windows yenyewe ilichakachuliwa na fundi aliyeipiga miaka mitatu iliyopita. Kwenye skrini kimetokea kibao cha kualika toleo jipya. Faili la kupakua lina zaidi ya GB 5. "Mama, ukigusa hapo leo, hiyo printa sikuhakikishii," anasema kijana wa kompyuta wa duka la pili, akiwa amesimama mlangoni na chapati mkononi. Ameongea kwa nusu dakika, na fatwa imetoka. Si mbaya: anajua kwamba draiva ya zamani huwa kikwazo, na anajua kwamba msimu wa foleni si msimu wa kupandisha chombo mchangani. Asichosema, pengine kwa sababu yeye ndiye aliyeipiga, ni kwamba Windows iliyochakachuliwa mara nyingi huwa imezimiwa njia ya kupokea viraka, kwa hiyo huenda mama huyo amekuwa akikaa kwenye ufa kwa miaka mitatu akidhani ni mbacha. Mjuzi mwenye maslahi ni mjuzi bado, lakini Ghazali angetaka aulizwe na wa pili. Kampuni inayotuma kibao kile nayo ina maslahi yake.

Baada ya haya yote kinabaki kipengele kinachopunguza uzito wa swali kuliko hoja yoyote: kama mtu anaweza kurudi. Fiqhi ya biashara inakiita khiyari. Mnunuzi anaweza kushurutisha siku za kufikiri, na ndani yake akaurudisha mzigo. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, siku hizo hazizidi tatu. Microsoft ni mkarimu zaidi: aliyehama kutoka Windows 10 kwenda 11 hupewa siku 10 za kurudi kwa kubofya tu, kisha mafaili ya mfumo wa zamani hufutwa. Apple ni mkali. Baada ya muda mfupi huacha kuidhinisha toleo lililopita la iOS, na simu iliyopanda haishuki tena. Uamuzi unaorudishika hauhitaji yakini, unahitaji kalenda tu. Usiorudishika ndio unaostahili usiku wa kufikiri, na kwa anayependa, rakaa mbili za istikhara, ingawa istikhara haikuwahi kuwa badala ya kuuliza bei. Kati ya hizo mbili husimama nakala rudufu: diski ya nje au flashi yenye mafaili yote, iliyochomolewa na kuwekwa kabatini. Mwenye nayo amejipa khiyari ambayo hakupewa na muuzaji. Mafaili yaliyofutwa Oktoba 2018 hayakuwauma waliokuwa na nakala.

Kwa wengi swali halifiki hata hapo. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo, kwa ujumla, zilianza kutengenezwa mwishoni mwa 2017. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue ni za kizazi cha kabla ya hapo. Mfano wa Injili wa divai mpya na viriba vikuukuu huelezwa kanisani kama onyo kwa anayemimina. Hapa kiriba ndicho kilichokataliwa, na mwenye nacho hana kingine. Mafundi wana mbinu za kulazimisha, na Microsoft imeshasema kompyuta zilizolazimishwa hazina hakika ya kupata viraka, jambo ambalo linaondoa sababu yenyewe ya kuhama.

Fiqhi inaruhusu kilichokatazwa wakati wa dharura, kisha inaongeza kwamba dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Anayelazimika kubaki na Windows 10 hajaruhusiwa kubaki nayo kwa kila kazi. Kwa kompyuta za nyumbani Microsoft iliongeza viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayesawazisha mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Linux, kwa mfano Ubuntu, inaweza kukaa kwenye nyingi ya mashine hizo bila kudai chipu, ila printa lazima ijaribiwe kwanza. Pasipowezekana yote hayo, benki na barua pepe huhamia kwenye simu inayopata viraka, na kompyuta huchomolewa modemu ikabaki ya kuchapa. Hapo inarudi kuwa mbacha, na mlango wake pekee ni flashi ya mteja.